Ovechkin alishampita Gretzky kwa magoli

Umeandika kwamba rekodi ya magoli ya NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, bado ni ya nyota wa zamani Wayne Gretzky, na kwamba Alexander Ovechkin alianza kucheza huko mwaka 2004. Hapana, rekodi hiyo si ya Gretzky tena. Ovechkin, ambaye ni Mrusi, aliivunja tarehe 6 Aprili 2025 dhidi ya New York Islanders, alipofunga goli la 895. Gretzky aliishia 894. Nakumbuka vizuri kwa sababu mchezo ulisimamishwa ili apongezwe, na Gretzky mwenyewe alikuwepo. Cha ajabu, wote wawili walifikia idadi zao kwa mechi 1,487. Na kipa aliyefungwa, Ilya Sorokin, naye ni Mrusi, maskini.

Ila hayo ni magoli ya msimu wa kawaida tu, ya mtoano hayahesabiwi humo. Na ukizungumzia pointi, yaani magoli pamoja na pasi za magoli, Gretzky ana 2,857 na hakuna anayemkaribia.

Halafu, ule mwaka wa 2004 uliouandika ni wa Ovechkin kuchaguliwa, si wa kuanza kucheza. Timu ya Washington Capitals ilimchukua akiwa wa kwanza kabisa kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, lakini msimu wote wa 2004–05 ligi haikuchezwa kwa ugomvi wa mishahara kati ya wamiliki wa timu na wachezaji. Akabaki kwao Urusi na timu ya Dynamo Moscow, akaanza NHL Oktoba 2005, mechi ya kwanza tu magoli mawili. Bila ugomvi ule pengine rekodi ingeanguka mapema zaidi.