Ndoto ya msiba haimtaji mchawi: kwa waliofiwa wanaoangalia muvi za kutisha

Kuna muvi watu wanazipita tu, zile zilizotengenezwa kuonyeshwa kwenye TV, hazikuingia majumba ya sinema, mastaa wakubwa hamna, na ukimuulizia kijana wa laibrari ya muvi hapa Mwanga, Kigoma, anakwambia kaka chukua za kivita, hizo zina usingizi. Ila humo ndani kuna kundi moja nalipenda sana, muvi za kisaikolojia za mtu aliyefiwa anaeota ndoto mbaya. Mama kafiwa na mtoto, au mke kafiwa na mume, anaota ileile kila usiku, anaamka kalowa jasho, ndugu wanamwambia umechoka tu meza dawa ulale, na anavyozidi kuota ndo anazidi kuamini kuna kitu anafichwa. Toka mzee wangu afariki nimeziangalia mno, na kwako uliefiwa ushauri wangu ni kwamba ziangalie, zina faida, lakini chukua nusu ya kwanza tu, ile ya mwisho iache hukohuko kwenye TV.

Kwanza uelewe zinavotengenezwa. Marekani kituo cha ABC kilianza mwaka 1969 kuonyesha muvi yake mpya kila wiki, kipindi cha dakika 90 pamoja na matangazo, kwaiyo muvi yenyewe inabaki dakika 70 na kitu. Hata Steven Spielberg, yule muongozaji mkubwa wa muvi, alipitia huko, Duel yake ya 1971 ilikuwa muvi ya TV ya dakika 74. Hela kidogo, muda kidogo, basi nyingi zinashinda ndani ya nyumba moja na watu wanne watano, mlango, ngazi, simu, sura ya mtu. Msiba nao ndo ulivo, watu wakishatawanyika baada ya matanga unabaki wewe na nyumba. Na ukiangalia kwenye flashi utaona kila baada ya muda skrini inakuwa nyeusi kidogo alafu stori inaendelea, pale palikuwa na tangazo, ndo maana kabla ya ule weusi lazima kitu kishtue, mtu kafungua kabati, mtu kasikia sauti, ili usihame chaneli. Ukishalijua hilo mshtuko unapungua nguvu. Mimi hapo penye weusi ndo nilikuwa nasimamisha, naenda kunywa maji, nikirudi moyo umetulia.

Alafu usichukue iliyotafsiriwa, ile ambayo mtu anaongea Kiswahili juu ya muvi. Kwa muvi za ngumi sina neno, jamaa wanachangamsha kibanda umiza vizuri sana, ila hizi utamu wake uko kwenye ukimya, na mtafsiri ukimya hauachi, lazima aujaze.

Sasa hiyo nusu ya kwanza. Inasema jambo ambalo msibani hulisikii, kwamba kumuota marehemu vibaya ni kawaida. Utaambiwa kaza moyo, mshukuru Mungu, kula japo kidogo, lakini hakuna anaekuvuta pembeni akwambie utamuota na wakati mwingine atakutisha. Mimi nilikuwa namuota mzee anagonga mlango wa uani, ananiita jina langu la utotoni, anauliza mbona mmenifungia nje, na mimi nashika komeo halifunguki, nalivuta, nalisukuma, naamka kabla hajaingia. Mara nyingi ilikuwa karibu na adhana ya alfajiri. Nilivomuona mama mmoja kwenye muvi kakaa kitandani anaogopa kulala tena, anaangalia saa tu, nikasema kumbe siko peke yangu. Hapo ndo nilipata nguvu ya kumwambia mke wangu, na yeye akaniambia anamuota pia, tulikuwa tunalala kitanda kimoja kila mtu na yake.

Na hiyo alfajiri ina sababu. Usingizi unaenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kile kipande ambacho macho yanachezacheza ndani ya kope, ambacho ndo kina ndoto kali zaidi, kinarefuka kadri kunavyokaribia kucha. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza toka 1953. Kwaiyo ndoto kuja saa 10 alfajiri hakuifanyi kuwa ujumbe, ni usingizi tu ulivo.

Nusu ya mwisho ndo yenye hatari. Kwenye hizi muvi ndoto lazima igeuke ushahidi, inamuonyesha mama chumba, chumbani kuna sanduku, kwenye sanduku kuna barua, na muuaji kumbe ni shemeji mpole aliyekuwa analeta chai. Mwandishi anatakiwa afunge stori ndani ya dakika zake, sawa. Ila kwetu huku ukitoka na fikra hiyo unaweza kuua mtu, na sitii chumvi. Mzee alikufa kwa presha, tulimpeleka hospitali, tukaelezwa, vipimo tuliviona kwa macho. Lakini shangazi nilivomsimulia ile ndoto akaniuliza kitu kimoja, "Mwanangu, na nyuma ya baba yako alikuwa amesimama nani?" Angalia akili ya mtu ilivo, kabla sijafungua mdomo tayari nyuma ya mzee pameshapata kivuli, na kivuli kinaanza kupata sura, sura ya bibi mmoja jirani anaeishi peke yake, ambae kwenye ndoto hakuwepo kabisa! Nikamwambia shangazi sikuona mtu, baba alikuwa peke yake. Alikuwa analia, kafiwa na kaka yake, simlaumu.

Nakusihi na wewe ujibu hivohivo. Ndoto inajazwa na anaeuliza, na vikongwe wengi mikoa hii ya magharibi na kanda ya ziwa wamekatwa mapanga kwa maneno ya aina hiyo. Sheria ya Uchawi ipo toka 1928, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, usitegemee kumwambia hakimu niliota. Kwetu sisi waislamu hili lina adabu yake pia, ukiota kibaya unajikinga kwa Mungu, unatema kidogo kushoto mara 3, unageuka ubavu, na hupiti mtaani ukiisimulia. Nilimuuliza sheikh wetu kama kumweleza daktari nako ni kusimulia, akasema anaetafuta tiba hana kosa.

Kilichonitoa mimi ni kuiandika upya ile ndoto. Ni njia inayotumika hospitali, Dk. Barry Krakow na wenzake huko Marekani waliijaribu kwa wanawake waliopitia ukatili wa kingono, matokeo yakatoka 2001, ndoto mbaya zilipungua. Unaiandika mchana, usiku usiguse daftari, alafu unabadilisha sehemu yoyote unayotaka, alafu kila siku unakaa dakika 10 mpaka 20 unaipitisha kichwani ile mpya, ya zamani huirudii. Mimi nililitoa komeo nikaweka pazia. Nalisogeza, mzee anaingia, anavua kandambili, anakaa kwenye kigoda chake anauliza leo kuna migebuka? Namwekea na ugali wa muhogo, ananawa, anakula taratibu anatoa miba anaipanga pembeni ya sahani kama alivyozoea. Usitafute mwisho wa furaha sana, tafuta unaoweza kuuamini. Haikukatika mara moja, ilianza kwa kupoteza makali, nikawa naota anagonga lakini siamki na jasho, baadae nikawa naota tu mtu yuko uani anaongea na kuku.

Ikiwa imepita miezi 6 na bado huwezi kazi, huli, unaogopa kulala, au unatamani umfuate marehemu (hapo usisubiri hata kesho), nenda hospitali ya mkoa ulizia kitengo cha afya ya akili. Watu wanaogopa eti watapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, hapana, wengi wanaongea na mtaalamu na kurudi nyumbani kwao. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeiweka huzuni ya msiba inayogoma kuisha kwenye orodha ya magonjwa inayotumika toka 2022. Pombe usiifanye dawa ya usingizi, inazima ndoto mwanzoni mwa usiku alafu zinarudi kwa fujo kuelekea asubuhi. Homa pia inaweza kuleta ndoto mbaya, na huku kwetu homa ya usiku kapime malaria kwanza. Na beba majina ya dawa zote unazomeza, maana propranolol ya presha na mefloquine ya malaria zenyewe zinaweza kuleta ndoto mbaya, muonyeshe daktari aamue yeye, usiziache mwenyewe.