Maswali ya wasomaji: Wahindi Wekundu wa Ujerumani Mashariki

SWALI: Baada ya ukuta wa Berlin kujengwa 1961, raia wa Ujerumani Mashariki hawakuweza kwenda Marekani. Sasa filamu zao za Wahindi Wekundu, zenye milima na majangwa, zilipigwa wapi?

JIBU: Marekani hawakufika. Studio ya serikali, DEFA, ilikuwa Babelsberg, jirani na Potsdam, kwenye nchi tambarare ya misonobari na maziwa, isiyofaa kabisa kwa Waapache. Mipaka iliyofungwa ilikuwa ya Magharibi; kwa nchi rafiki, kikosi cha filamu kilisafiri kikazi. Basi walitafuta mandhari inayolingana na kabila la hadithi. Milima ya Dakota ndani ya Spur des Falken (1968) ni ya Georgia, katika Umoja wa Sovieti. Apachen (1973) na Ulzana (1974) zilipigwa Romania na Uzbekistan. Kwa Osceola (1971), inayohusu Waseminole wa Florida, Bulgaria peke yake isingetosha kwa joto na mitende, ndiyo maana wakaenda Kuba. Der Scout (1983) ilifika hadi Mongolia, kwenye farasi wa kutosha na nyika isiyo na nguzo za umeme.

SWALI: Kwa nini chama tawala cha kikomunisti kilikubali aina ya filamu iliyoasisiwa na Wamarekani?

JIBU: Kwa sababu walipindua pande. Shujaa ni Mhindi Mwekundu. Mwovu ni mlowezi, mchimba dhahabu au dalali wa ardhi. Mswada wa namna hiyo ulipita bila jasho jingi kwa wahariri wa studio na kwa idara ya filamu ya wizara ya utamaduni, ambayo pia ilitoa kibali cha mwisho kabla ya filamu kuonyeshwa.

Tazameni tarehe. Desemba 1965 kamati kuu ya chama ilizishambulia filamu za maisha ya kila siku, nyingi zikafungiwa kabatini. Februari 1966 ikatoka Die Söhne der großen Bärin, filamu ya kwanza ya DEFA ya Wahindi Wekundu, iliyovuta watazamaji wanaokaribia milioni 10 katika nchi ya watu milioni 17. Karne ya 19 huko Dakota haikuwa na mkurugenzi wa kiwanda wala katibu wa chama wa kukasirika.

SWALI: Mbona midomo ya Gojko Mitić, nyota wa filamu hizi, hailingani na maneno?

JIBU: Alitoka Yugoslavia, sauti ya Kijerumani iliingizwa studioni na mwigizaji mwingine. Waigizaji walitoka nchi kadhaa, kwa hiyo mtindo huo ulikuwa wa lazima. Mkitaka kuugundua, angalieni picha za uso wa karibu: waongozaji wajanja wa filamu humgeuza msemaji pembeni au hukata kwenda kwa msikilizaji.

Rangi nazo zina yake. Filamu mbichi (ukanda ambao bado haujapigwa picha) ya ORWO, kutoka kiwanda cha Wolfen, Ujerumani Mashariki, ilirithi mfumo wa Agfa, kampuni ya Kijerumani, na dawa zake za kusafishia hazikuwa zile za Kodak ya Marekani. Ukanda ulihitaji maabara yenye dawa hizo, na kosa la mwanga likionekana huko, farasi na kikosi huenda wameshahama bonde.