Barua kwa mwanangu aliye mlimani: panga moja la helikopta

Mafinga

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, upepo unagonga bati, nikapata nusu tu. Mara ya pili nikatoka nje nikakaa. Unasema mgeni wenu alizidiwa na mlima, helikopta ikaitwa, na wakati wanamfunga kwenye machela wewe ukayahesabu mapanga yake: matatu. Mwenzako mmoja akakuambia kwamba hata yakikatika mawili, lililobaki linatosha kuishusha ndege polepole, maana Wajerumani waliwahi kuunda helikopta ya panga moja na ikaruka. Ukaniuliza, "Mama, ni kweli?"

Baba, mwenzako ameshika mambo mawili akayafunga kamba moja. La Wajerumani ni kweli. La mapanga kukatika si kweli hata kidogo, na wewe unayezisogelea ndege hizo lazima ulijue. Ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa mistari miwili ya simu.

Nianze na la kweli, kwa sababu ni zuri na lilinifurahisha tangu nilipolisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Bölkow ya Ujerumani iliunda chombo cha kufundishia marubani kilichoitwa Bo 102. Kilikuwa na kiti kimoja, kimefungwa kwenye fremu chini, kinajiinua kidogo tu ili mwanafunzi ajifunze kukishika bila kwenda kujiua. Juu yake kulikuwa na panga moja. Kutokana na hicho wakaunda kingine, Bo 103, kisichofungwa popote, nacho kikaruka mwaka 1961. Panga moja, mtu mmoja ndani, kikapaa kweli.

Sasa sikiliza vizuri, maana siri yote iko hapa. Upande wa pili wa kitovu, yaani kile kipande cha katikati kinachoshika mapanga, pale ambapo panga la pili lingekaa, hapakuwa patupu. Palikuwa na mkono mfupi wenye uzito mwisho wake. Kumbuka mlivyokuwa mnacheza bembea ya ubao, wewe na dada yako: yeye mzito anakaa karibu na katikati, wewe mwembamba unakaa mwisho kabisa, na ubao unatulia. Panga ni refu na uzito wake umetawanyika mpaka mbali. Uzito wa kusawazisha ni mfupi lakini umekusanyika mahali pamoja. Ukizidisha uzito kwa umbali, pande zote mbili zinapata jibu lile lile, na shafti ya katikati haivutwi upande wowote. Kwa hiyo helikopta ya panga moja ni ya panga moja kwa macho tu. Kwa mizani ina pande mbili, kama nyingine zote.

Unalikumbuka pangaboi letu la Kilosa? Ulikuwa darasa la nne. Fundi alipokuja kupaka rangi, ngazi yake ikagonga panga moja likapinda kidogo, na usiku ule pangaboi likaanza kucheza mpaka vumbi la dari likawa linatuangukia kitandani. Baba yako alitaka kuling'oa. Jirani akapanda juu ya meza, akanyoosha panga kwa mikono, bado likacheza, ndipo akachukua sarafu akaibandika kwa gundi juu ya panga mojawapo. Akaihamisha mara tatu au nne. Mara ya mwisho likatulia kabisa, likazunguka kimya. Sarafu moja, baba! Gramu chache tu, na kile ni kitu kinachozunguka taratibu mpaka unaweza kuyafuata mapanga yake kwa macho.

Sasa twende kwenye helikopta halisi. Chukua moja ya zile ndogo zinazojulikana sana, Robinson R22, ya watu wawili. Ina mapanga mawili, rota nzima, yaani mapanga pamoja na kitovu chake, ina upana wa mita 7.67, na inazunguka kama mara 510 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 8 kila sekunde. Tuseme panga moja lina kilo 12 na kitovu cha uzito wake kiko karibu mita 1.9 kutoka katikati. Nimepiga hesabu kwenye karatasi, wewe pia unaweza, ni ile kanuni ya kidato cha sita ya kitu kinachozunguka: kilo 12 mara mita 1.9 mara kasi ya mzunguko iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu linakuja kama niutoni 65,000. Ukiligeuza kuwa uzito, ni tani 6 na nusu. Panga la kilo 12, ambalo wewe ungelibeba begani, likiwa linazunguka linavuta kitovu kana kwamba umekitundikia lori lililoshiba mzigo. Na ndege nzima, pamoja na watu na mafuta, haizidi kilo 622.

Likiwa na mwenzake upande wa pili, tani 6 na nusu huku na tani 6 na nusu kule, zinafutana. Panga moja likikatika, zile za upande mmoja zinabaki peke yake, na zinazunguka, kwa hiyo zinaipiga ndege huku na huku mara nane kwa sekunde. Ndege haipati nafasi ya kuanza kushuka polepole. Shafti na gia vinang'olewa kwenye mwili wa ndege kabla rubani hajajua nini kimetokea. Na usidhani ile ya mapanga matatu ina nafuu. Likitoka moja, mawili yaliyobaki hayajapangana tena kwa pande zinazofutana. Mvuto unaobaki bila mwenzake ni sawasawa na wa lile lililotoka. Mwambie mwenzako hivyo, kwa upole, lakini umwambie.

Nadhani alichosikia ni habari ya injini kuzimika, na hapo ana haki. Injini ikizimika angani, helikopta haidondoki kama jiwe. Rubani hupunguza haraka pembe ambayo mapanga yameinamishwa, ndege inaanza kushuka, upepo unaotoka chini unayazungusha mapanga bila injini, na karibu na ardhi rubani anautumia mzunguko huo kuvunja kasi na kutua. Marubani wanalifanyia mazoezi jambo hilo tangu wakiwa wanafunzi. Lakini linawezekana kwa sababu moja: mapanga yote yapo, na ni mazima.

Kwa ajili hiyo mapanga yanatunzwa kuliko kitu kingine chochote. Kabla ya kuruka rubani anaizunguka ndege anayakagua kwa macho na kwa mkono. Yana umri wa saa za kuruka, na saa zikitimia yanatolewa hata kama yanang'aa. Kampuni ya Sikorsky ya Marekani ilitengeneza mapanga ambayo mhimili wake ni mtupu ndani, umejazwa gesi ya nitrojeni, na una kionyeshi pembeni. Ufa mdogo hata usioonekana ukitokea, gesi inavuja, kionyeshi kinabadilika rangi, na ndege hairuki. Niliposoma hilo nilifunga kitabu nikawashukuru watu ambao sitawahi kuwaona.

Najua utauliza swali la pili, kwa sababu na mimi nililiuliza. Kama panga moja na uzito wake vinatulia kwenye mizani, kwa nini ndege isipinduke, ikiwa inainuliwa upande mmoja tu? Jibu ni bawaba. Panga halijakazwa kwenye kitovu kama mkono wa sufuria. Limeshikwa kwa bawaba, linaruhusiwa kupanda na kushuka kama bawa la ndege wa angani. Mhispania Juan de la Cierva ndiye aliyeonyesha jambo hilo mwaka 1923, baada ya vyombo vyake vya mwanzo kulalia ubavu kila vilipojaribu kuondoka chini. Mlango ulioshikwa na bawaba hauwezi kuipindua nyumba, unaweza tu kuivuta. Panga nalo linakivuta kitovu kwenda juu, basi, na tena linazunguka upesi mno kiasi kwamba ndege haipati muda wa kuegemea upande wowote.

Basi mbona hatuzioni helikopta za panga moja? Kwa maoni yangu Wajerumani walifanya vizuri kujaribu na wakafanya vizuri kuacha. Panga moja lilikuwa rahisi kuunda, halikosani na mwenzake kwa kuwa mwenzake hayupo, na linapita kwenye hewa ambayo haijavurugwa na panga lililotangulia. Lakini ule uzito wa upande wa pili unabebwa tu, hauinui chochote. Na kuna mtikisiko. Helikopta ikienda mbele, panga linapokuja mbele linakutana na upepo mkali, linaporudi nyuma linakutana na upepo dhaifu. Ncha ya panga la ile R22 inakwenda mita 205 kwa sekunde. Ndege ikisafiri mita 40 kwa sekunde, ncha inakutana na hewa ya mita 245 upande mmoja na 165 upande mwingine. Kani ya kuinua inafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo upande mmoja ungepata zaidi ya mara mbili ya upande wa pili. Bawaba inapunguza tofauti hiyo, haiimalizi. Mapanga mawili au matatu yanagawana mishtuko inayobaki. La peke yake linampa abiria mshtuko mmoja mzima kila mzunguko, na mara chache kwa sekunde ndiyo kasi ambayo tumbo na uti wa mgongo wa binadamu vinaichukia kuliko zote.

Ile Bo 103 haikuingia sokoni. Lakini kampuni hiyo hiyo iliendelea na mapanga ya nyuzi za kioo, na mwaka 1967 ikarusha Bo 105 yenye mapanga manne ya namna hiyo, ambayo ikaja kubeba wagonjwa katika nchi nyingi.

Sasa ninalokuomba, na hili si la fizikia tu. Mlimani mnasimama kwenye mteremko. Usiiendee kamwe helikopta ukitokea upande wa juu wa mteremko, wala usiondoke kwa kupandia huko: upande ule ardhi imeyafuata mapanga, na mtu aliyesimama wima yanamfikia. Nenda kwa upande wa chini, kutokea mbele, rubani akikuona na akikupa ishara. Mapanga yakipunguza mwendo ndipo yanaposhuka zaidi, na upepo wa huko juu unayasukuma, kwa hiyo yasikudanganye kwa kuwa yanazunguka taratibu. Rota ya mkiani usiikaribie kabisa, ikizunguka haionekani. Kofia uivue uishike. Na zile fimbo za kupandia mlima, zibebwe zimelala, chini ya kiuno, na wageni wako uwaambie hivyo kabla ndege haijafika, maana ikishafika hakuna anayesikia kitu.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea mbegu tatu za paini. Nimeziokota nyuma ya nyumba, koni zimeanza kufunguka. Kila moja ina bawa moja jembamba kama ganda la kitunguu, na mbegu yenyewe nzito imekaa mwisho wa bawa, ndiyo uzito wake wa kusawazisha. Ya kwanza idondoshe kutoka juu ya kichwa chako, ndani, pasipo na upepo: itazunguka ikishuka polepole. Ya pili ing'oe bawa, uone mbegu inavyoanguka kama kokoto. Ya tatu ng'oa mbegu, ubaki na bawa tupu. Litapeperuka ovyo, huku na huku, halitazunguka. Ifanye mbele ya mwenzako.

Mama yako