Risiti ya Sabuni

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, isipokuwa goti la mama yako.

Umeniuliza kama wafanyakazi wanaweza kukishika kiwanda wakakiendesha bila tajiri, kwa sababu umesoma habari za Zanon, kile kiwanda cha vigae cha Neuquén, Argentina, kilichoshikwa na wafanyakazi mwaka 2001, wakakiita FaSinPat, kiwanda kisicho na mabosi, na baadaye wakajenga zahanati kwenye mtaa wa maskini. Kuendesha si kazi. Sisi pale kiwandani kwetu cha sabuni tulikuwa tukiendesha siku zote. Tajiri wetu hakujua hata koki ya tangi inafungwa upande gani. Kilichonigusa ni hiyo zahanati.

Kisa chenyewe mnakijua juu juu tu. Mwaka 1973 Mwongozo wa TANU, lile tamko la chama tawala, ulikuwa na miaka miwili, na kifungu cha 15, kinachomkataza kiongozi majivuno na dharau, tulikuwa nacho kichwani kama sala. Wenzetu wa Mount Carmel, kiwanda cha mpira hapo hapo Dar es Salaam, walikuwa wamekishika cha kwao, na serikali ikawaunga mkono. Basi meneja wetu alipomtukana mzee wa chumba cha kuchemshia mbele ya vijana, tukamtoa nje, tukafunga geti kwa ndani.

Siku tisa. Tajiri alikuwa akiuza mche mzima tu; sisi tukakata vipande vidogo, na akina mama wa Keko wakajipanga getini na senti zao. Siku ya sita tukapakia maboksi manne kwenye mkokoteni kuyapeleka zahanati, maana wazazi walikuwa wakiambiwa waende na sabuni yao. Nilisukuma mimi. Sijapata kutembea barabarani na furaha ile, hata siku ya harusi yangu (hilo libaki kwetu wawili).

Mkunga akauliza, "Sabuni hii ya nani?" Nikamwambia, yetu. "Ninyi ndio akina nani?" Nikamwomba aandike tu. Si unanijua? Kila kitu kiandikwe. Hata robo ya sukari niliyowatuma dukani mliiandika kwenye daftari, mkinicheka. Akaandika: maboksi manne, kutoka kwa wafanyakazi. Akagonga muhuri. Mimi nikatia jina langu na saini.

Siku ya tisa wakaja FFU, polisi wa kutuliza ghasia, na malori. Risiti ile ndiyo waliyonisomea: mali ya tajiri, imetolewa na fulani, saini yake hii hapa. Wenzangu waliouza vipande bila karatasi waliachiwa jioni ile ile. Mimi nikapandishwa basi kurudishwa kijijini, ndiyo maana dada yako akazaliwa Newala.

Mjomba wako husema ningejinyamazia ningebaki mjini. Kweli. Lakini bila karatasi tungekuwa wezi hasa. Mbona na karatasi niliitwa mwizi vilevile? Hapo nimekwama miaka hamsini, na bado nasema: kiandikwe.

Tena nisikudanganye. Mafuta ya nazi yalikuwa yamebaki mapipa mawili, na aliyetuuzia siku zote alikataa kutukopesha. Hata bila FFU, wiki ya tatu tungekuwa tunachemsha maji. Au labda muuzaji huyo angelegea. Yule bwana alipenda fedha, asingejali inatoka mkono gani. Unasema wale wa Neuquén bunge la jimbo liliwakabidhi kiwanda mwaka 2009. Miaka minane! Sisi hatukumaliza siku kumi.

Mama yako kasimama nyuma yangu, anataka niandike "haiwezekani" nije kula. Siandiki. Na "inawezekana" nayo inanifika ncha ya kalamu, nairudisha.

Nitafutie jambo moja tu: zahanati yao ile ilipokabidhiwa, nani alitia saini kuipokea, na aliandika imetoka kwa nani?

Baba yako.