Wadogo zangu wa taipografia, tuongee kabla hamjaprinti

Juzi nimeitwa kuangalia projekti za mwaka wa pili, nimerudi nyumbani kichwa kinauma. Sio kwamba hamjui kazi, mnajua, tena mna mikono kuliko sisi enzi zetu, ila makosa ni yale yale kama vile kuna mtu anawarithisha. Haya, kaeni.

1. Msivute fonti. Ukitaka herufi nene tafuta boldi yake, usishike kona ukaanza kuisukuma kama chapati.

2. Acheni kujaribu fonti kwa ile sentensi ya Kizungu ya mbweha anayemruka mbwa. Ina Q na X, sisi hizo tunaziandikia nini? Kiswahili kimejaa a. Andika "mwanamke wa Pangani kavaa kanga ya mama yake", halafu itazame ile a ndogo, kama sura yake mbaya basi ukurasa mzima umeshaharibika. Na herufi kubwa ndo balaa, KWA, WA, YA, mistari ya mshazari inakutana kila unapogeuka, mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Keningi, yaani kurekebisha nafasi kati ya herufi na herufi, fanya kwa mkono.

3. Ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng'. Hii ndefu, vumilieni.

Projekti yangu ya mwisho ilikuwa maandishi ya kanga. Nilichora doti moja, pindo, mji, na jina kwenye kile kiboksi chake, nikatunga mwenyewe: UTALILIA NGOA, MIMI NANG'ARA. Pembeni kuna kijitabu cha kurasa 24. Sasa ile fonti niliyoipakua bure nikaipenda mpaka nikawa siambiliki, haikuwa na ritifaa. Kila ng' inatoa kiboksi kitupu. Nikazifuta ritifaa zote, nikajisemea nitazirudisha mwishoni moja moja. Mwishoni ikawa saa nane usiku, asubuhi kazi iende Kariakoo, nimeshabadili fonti, macho yanawaka, nikaona ujanja: tafuta NG, weka NG', badilisha zote. Sekunde moja. Nikalala kama mfalme.

Kijitabu kimerudi, kava imeandikwa KANG'A. Kwa herufi za inchi mbili jamani. Ndani kuna rang'i, nguo imekuwa ng'uo, na mimi mwenyewe kwenye shukrani nimewashukuru "wazazi wang'u". Kitambaa nacho kimeshapigwa skrini: UTALILIA NG'OA. Siku ya kupresenti kulikuwa na mtahini mmoja, mama mtu mzima wa Tanga, akaisoma kwa sauti taratibu, akavua miwani. "Mwanangu, huyu analilia kung'oa nini, jino au mhogo?" Ukumbi mzima ukaanguka. Mimi nimesimama na mokapu yangu mkononi, najieleza habari za gridi. Gridi! Mtu hajui ngoa ni wivu na ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, anaongelea gridi. Miezi minne niliyatazama yale maneno kama maumbo tu, sikuwahi hata siku moja kuyasoma. Na juzi nimeona posta ya mtu, nzuri kweli, imeandikwa NGOMBE. Sikumwambia kitu, nilienda nje nikanywa maji.

4. Zimeni ukataji wa maneno wa Kiingereza, unaandika "wanaf-unzi". Silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali, wa-na-fu-nzi. Na msijastifai kolamu nyembamba, yaani msinyooshe kingo zote mbili, maneno yetu marefu, mapengo meupe yatashuka ukurasani, mtapata mito mpaka ya kuvulia samaki.

5. Geuzeni herufi kuwa autulaini, yaani michoro isiyohitaji fonti tena, kabla ya kupeleka faili, kompyuta ya steshenari haina fonti yako wala haina mpango nayo. Ila bakini na kopi ambayo herufi bado zinaharirika, mimi sikubaki nayo, ndo maana ile kanga haikuprintiwa upya. Anayo mama yangu. Kila nikienda kumsalimia naikuta kajifunga kiunoni, na najua anafanya makusudi.