Nje ya ualimu na maabara, mhitimu wa bayolojia anafanya kazi gani?

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa bayolojia asiyetaka udaktari wala uzamivu amebakiwa na kitu zaidi ya kufundisha na kushika pipeti. Amebakiwa na vingi. Mimi nilisoma mikrobiolojia, leo nafuatilia majaribio ya dawa. Nakagua kama kila mshiriki alisaini ridhaa kabla ya kutolewa damu, kama namba zilizo kwenye kompyuta ndizo zilizo kwenye faili lake, na kama friji ya dawa ilipopanda joto kuna mtu aliyeandika. Bakteria siwagusi tena, ila bila kujua kingamwili ni nini nisingemaliza hata ukurasa mmoja wa itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio.

Kazi za namna hii darasani hazitajwi sana: uhakiki wa ubora katika maabara za hospitali (soma kiwango cha ISO 15189), usajili wa dawa, uzalishaji wa chanjo, uuzaji wa mashine za maabara. Hiyo ya mwisho watu huidharau, kumbe nina wenzangu humo wanaonizidi mshahara.

Kwenye ujuzi, naweka takwimu mbele ya vyote. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi ("herufi" za DNA) takriban bilioni 3, huwezi kuzipitia kwa macho. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, na usianze kwa kutafuta kozi ndefu. Chukua matokeo ya mazoezi yenu, yale uliyochorea grafu kwenye Excel, uyarudie kwa R. Ukizoea, ingia GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya DNA iliyoanza 1982, pakua jeni moja ya bakteria na uilinganishe na nyingine kwa BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana. Ni bure. Kazi hiyo ukiipeleka kwenye usaili, maswali yatageukia unachokijua.

PCR (kunakili DNA mara nyingi ili ionekane) na ELISA (kupima protini kama kingamwili) zijue, lakini kila mwenzako ataziandika kwenye wasifu. Mimi nikiwa upande wa wanaosaili huuliza: kipimo kilipogoma, chanzo ulikitafutaje? Kontroli hasi, ile sampuli isiyo na kinachotafutwa, ilionyesha nini? Ulibadilisha nini kwanza? Wengi hapo hunyamaza.

Uzamili usiukimbilie, isipokuwa kazi unayoitaka inaudai, kama ushauri nasaha wa jenetiki. Taja hapa masomo ya hiari uliyonayo, tuone lipi ubadilishe na takwimu.