Kabla hujamfukuza dereva, pima mpira wa intakula

Mkuu, umeuliza kama ile dawa ya kumimina kwenye tenki itapunguza ulaji wa dizeli wa semi yako ya Dar–Tunduma, na hapohapo unasema dereva umeanza kumhisi. Hela ya dawa iweke kwanza. Na dereva mwache kidogo, maana mimi nimewahi kuwa huyo dereva.

Nilikuwa naendesha gari la mtu. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930, na likiwa na mzigo lilikuwa linakula lita 490 hivi, karibu kilomita 1.9 kwa lita. Ghafla likafika lita 590. Bosi akapiga hesabu mbele yangu, lita mia zikakatwa kwenye posho. Sikuwa nimenyonya hata kikombe. Nilichojua ni kwamba mlima Kitonga lilikuwa linapanda limechoka, moshi mweusi, na ukikanyaga unasikia fyuuu chini ya kabini.

Aliyeligundua ni fundi mmoja Makambako. Hakugusa nozo zinazopulizia dizeli kwenye silinda, wala pampu. Aliziba mdomo wa tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, akaingiza upepo kidogo wa kompresa, akaanza kupaka maji ya sabuni kutoka kwenye chupa ya soda. Mapovu yakaumuka chini ya mpira unaokwenda intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya tabo, nyuma ya klipu, pasipofika jicho. Ulikuwa umechanika urefu wa kidole. Upepo wa tabo ukivujia nje, dizeli inaingia kwenye silinda inakosa hewa ya kuiunguza yote. Nyingine inatoka masizi, na wewe unazidi kukanyaga. Safari iliyofuata tukarudi kwenye 490. Posho haikurudi.

Kwa hiyo anza na kipimo. Jaza tenki hadi shingoni, andika kilomita, ukirudi jaza tena kituo kilekile. Mshale wa dashibodi usiuamini. Mkisimama Ruaha Mbuyuni pale pa vitunguu, utingo asogeze kiganja kwenye hab za tela, pale katikati ya magurudumu, moja moja, bila kushika. Inayochoma kuliko wenzake, breki inashika, na hiyo unaiburuta kwa dizeli. Upepo wa tairi na chujio la hewa unavijua, sirudii.

Kuhusu mguu wa mafuta: kutoka kilomita 65 hadi 80 kwa saa, upepo wa mbele unakuwa mzito mara moja na nusu. Wenye meli wanalijua hili kuliko sisi: wakipunguza mwendo asilimia 10, nguvu inayotakiwa kwenye injini inashuka kama asilimia 27, ndiyo maana mafuta yakipanda bei meli zinatembea polepole. Mshale wa mizunguko ya injini ukae kwenye kijani, 1,000 hadi 1,400 kwa dakika. Na wale wanaoshuka mlima na fri, yaani gia imetolewa, eti wanaokoa mafuta, wanajidanganya, tena wanacheza na roho za watu. Ukiwa ndani ya gia bila kukanyaga, nozo zinafunga kabisa. Kwenye fri injini inakunywa ili isizimike.

Halafu ile foleni ya Tunduma. Injini ikinguruma usiku kucha mtu amelala, hizo ni lita 2 au 3 kila saa.

Sasa tuambie, likipanda Kitonga linatoa moshi rangi gani? Na tabo mara ya mwisho limefunguliwa lini?